Shira ya Sala Moja

Jumamosi, tarehe 7 Februari. Asubuhi hiyo jua lilichomoza likiwa limeshakasirika. Saa mbili tu, mabati ya darasa letu yalikuwa yanalia ta, ta, ta kwa joto, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa karatasi.

Siku hiyo watu thelathini na wawili waliisikia sala yangu ya siri, neno kwa neno, kutoka mdomoni mwangu mwenyewe.

Kisha ikagongwa muhuri.

Ndiyo, sala. Muhuri wa ofisi, wino wa zambarau. Imebandikwa ukutani mpaka leo, ukipenda nenda kaisome.

Kaa vizuri nikusimulie.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nina miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo nimeimaliza mbele ya sufuria za wanga na meza za pasi. Kusoma sikuwahi kusoma. Maandiko matakatifu nilikuwa nasomewa na watu, nami naitikia tu. Mwaka juzi nikasema hapana, kabla sijafa nitayasoma kwa macho yangu haya. Nikajiandikisha darasa la jioni.

Tunasomea katika shule ya watoto wadogo. Madawati ni ya watoto. Ukikaa, magoti yanakuja kifuani, na ukitaka kusimama unainuka na dawati lako kama kobe.

Kwa kuwa nasali kabla ya somo, baada ya somo, na mwalimu anapofuta ubao kabla sijamaliza kunakili, wenzangu wakanibatiza Mzee Amina. Sikukasirika. Kuna majina mabaya zaidi darasani humo.

Jirani yangu wa dawati ni Fundi Viatu. Ana kibanda chake karibu na kituo cha maji. Mtu mpole, mikono inanuka gundi, maneno yake ya kuhesabu. Tulianza siku moja, lakini yeye akawa anakwenda mbele, mimi niko nyuma nahema. Mimi nikiwa bado na silabi, yeye anasoma gazeti lililofungiwa soli.

Sasa, mtihani wetu si mtihani wa kawaida.

Unaandika maelekezo ya kufanya kitu unachokijua. Unakabidhi karatasi, unakaa kimya. Mtu mwingine anaichukua na kufanya ulichoandika, hivyo hivyo kilivyo. Huruhusiwi kumwonyesha kwa kidole, huruhusiwi hata kukohoa. Majaribio ni matatu, na mkaguzi anaweza kubadilisha mtu. Kitu kikitoka, umepita. Kisipotoka, umeanguka.

Mimi nilikuwa nimeanguka mara mbili.

Mara ya kwanza niliandika jinsi ya kupiga pasi shati. Nikasahau kuandika kwamba pasi iwashwe. Yule mama aliyepewa karatasi yangu alilisukuma shati kwa pasi baridi nusu saa nzima, ananitazama kwa huruma, nami nimeng'ata ulimi.

Mara ya pili, jinsi ya kushona kifungo. Sikutaja fundo. Uzi ukaingia huku ukatokea kule, ukaanguka chini. Mara tatu.

Na kanuni ya darasa ni hii: ukianguka mtihani wa tatu, nafasi yako anapewa mwingine. Orodha ya wanaosubiri ilikuwa na watu arobaini.

Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa nacheza na dakika za mwisho. Nikianguka, ndio basi. Maandiko nitaendelea kusomewa mpaka kaburini.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia wiki ile, "safari hii andika kitu unachokifanya hata ukiwa usingizini. Andika ile juisi yako."

Akili ikanikaa sawa.

Kila msimu wa joto mimi ndiye ninayewatengenezea wenzangu kazini juisi ya limau na nanasi. Pale kwenye mvuke wa dobi, ukikosa kitu baridi unaweza kuzimia juu ya shuka la mtu. Nikaandika, ulimi nje, jasho puani:

"Chukua nanasi moja. Limenye. Maganda usitupe, yaoshe. Kamua malimau kumi, toa mbegu. Chemsha vikombe viwili vya maji na maganda ya nanasi na tangawizi iliyopondwa. Maji yakitokota, tia vikombe viwili vya sukari. Koroga kwa sala moja. Epua. Chuja. Ipoze kwenye beseni la barafu. Ponda nanasi, changanya na shira hiyo na maji ya limau. Ongeza jagi moja la maji baridi na majani ya nanaa. Onja. Mshukuru Mungu."

Nikaisoma mara nane. Maganda, nimeosha. Mbegu, nimetoa. Safari hii moto upo, na kila fundo limefungwa.

Wewe umeshaona kosa, sivyo? Mimi sikuliona. Mwalimu angeliona, lakini haruhusiwi kuisoma karatasi kabla ya mtihani.

Kule kazini hatuna saa. Mvuke unaziua. Mimi kila kitu napima kwa sala. Wanga wa kola ni sala moja. Wanga wa shuka ni sala tatu. Sijawahi kuunguza. Kwangu mimi kusema "sala moja" ni kama wewe kusema "kilo moja".

Basi, saa nne asubuhi tukakaa. Mbele kuna meza, jiko la gesi, sufuria, mwiko na vifaa vya majaribio matatu. Nyuma kuna ndugu na majirani. Mwalimu wetu, binti mdogo lakini mkali wa chaki, alikuwa anajipepea kwa daftari la mahudhurio.

Mkaguzi alitoka ofisi ya elimu. Mwembamba, mkoba mkubwa, kijitabu cha kanuni mkononi. Hata kiti alikikagua kabla ya kukikalia.

Na mgeni rasmi alikuwa Mwenyekiti wa mtaa. Huyu hata akizindua bomba la maji lazima asali, na akisali lazima kipaza sauti kiwepo.

Fundi Viatu alianza. Karatasi yake ilihusu kubandika soli. Jirani mmoja akaifuata, soli ikashika jaribio la kwanza. Mkaguzi akaivuta kwa mikono miwili, ikagoma. "Amepita!"

Nilipiga makofi. Mikono ilipiga, moyo haukupiga.

Ikaja zamu yangu. Kwa heshima ya mgeni rasmi, karatasi yangu akapewa yeye.

Mwenyekiti akavua koti, akalikabidhi kwa msaidizi wake, akasoma kwa sauti. Alipofika pale, uso ukamng'aa.

"Koroga kwa sala moja! Jamani, kama ni sala, hapa mmempata mwenyewe!"

Watu wakacheka. Hapo ndipo nami nikaliona kosa.

Akatia sukari. Mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine juu.

"Ee Mungu, itifaki ikiwa imezingatiwa..."

Sitanii. Ndivyo alivyoanza.

Akawaombea viongozi kwa nafasi zao, kwa mpangilio wa vyeo. Akamshukuru Mungu kwa kalavati. Akamkumbusha Mungu kwamba kisima kile kuna watu walisema hakitachimbika, na kwamba watu hao wapo na wanajulikana. Alipofika kwenye barabara, shira ilikuwa rangi ya chai. Alipofika kwenye uchaguzi ujao, rangi ya kahawa. Aliposema amina, moshi ulikuwa umejaa darasa na mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria.

"Dakika kumi na tisa," mwalimu alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye saa yake.

"Jaribio la kwanza limeshindikana," mkaguzi akaandika.

"Tatizo ni sufuria," Mwenyekiti akasema huku anavaa koti.

Kwa jaribio la pili mkaguzi akachomoa jina kwenye kopo. Likatoka la Fundi Viatu.

Nikapumua. Fundi ni mtu makini.

Akaosha maganda vizuri. Akakamua malimau kama anayekamua sifongo. Maji yakatokota, akatia sukari, akashika mwiko, akafumba macho. Midomo ikacheza kidogo sana.

"Amina," akasema, akaepua.

"Tayari?" mkaguzi akauliza.

"Tayari."

"Hiyo ndiyo sala?"

"Imeandikwa sala moja. Nimesali moja."

Kila kitu kilichobaki alikifanya sawasawa, lakini shira ndiyo roho ya juisi hii. Mkaguzi akaonja. Darasa zima tulisikia: kru, kru, kru. Alikuwa anatafuna sukari.

"Mzee," mkaguzi akanigeukia, "karatasi yako haina kipimo. Huyu kasali dakika kumi na tisa, huyu pumzi moja. Sala si kipimo."

Mimi si mtu wa kubishana. Lakini niliona orodha ya watu arobaini inatembea kuelekea kwenye dawati langu.

"Kipimo kipo, bwana mkaguzi. Ni sala yangu. Miaka thelathini inapima, haijawahi kuunguza."

"Ipo wapi?"

"Ipo hapa." Nikashika kifua.

Akafungua kijitabu, akalamba kidole, akapekua. Akatabasamu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuitumia kanuni hiyo.

"Kanuni ya kumi na nne. Kipimo kisichofahamika kwa mfuasi, mwandishi atakitamka hadharani wakati jaribio la mwisho likiendelea."

"Maana yake?"

"Maana yake unaisali, mzee. Kwa sauti. Yote. Ile ile. Ukiongeza au ukipunguza, ni udanganyifu. Fundi, shika mwiko."

Jasho jembamba likanitoka, na halikuwa la joto.

Ndugu zangu, lazima mfahamu jambo moja. Sala ya mtu anayesali peke yake mbele ya sufuria ina watu ndani. Wengine wanatoka, wengine wanaingia, urefu unabaki ule ule. Bosi wangu wa zamani alipofariki, nafasi yake ndani ya sala aliichukua Fundi Viatu.

Na sikuwa nimemweka humo kwa mema.

Nilimtazama mke wangu. Akanipa ishara ya kidole: sali, unangoja nini? Masikini, hakujua na yeye yumo.

Maji yakatokota. Fundi akatia sukari, akaanza kukoroga, macho kwenye sufuria.

"Ee Mungu wangu," nikaanza, "asante kwa kuniamsha. Asante kwa mikono hii. Uwaangalie wanangu huko waliko. Uwaponye wagonjwa wa wodi zote ambazo shuka zake nazifua."

Kina mama wawili wakaguna kwa kuguswa. Hapo ningekoma ningekuwa mtakatifu.

Nikachungulia sufuria kwa pembe ya jicho. Dobi ni dobi. Punje bado zilikuwa zinakwaruza chini. Nikiruka mtu hata mmoja, shira haitaiva.

Nikafumba macho kabisa.

"Umrehemu mama watoto, mkono wake wa chumvi uwe mwepesi, na umsaidie kuamini kwamba nikichelewa ni kazi."

"Heh!" sauti ya mke wangu hiyo.

"Mwalimu wetu ni mtoto mzuri, umpunguzie haraka ya kufuta ubao. Mwenyekiti wetu umjalie ufupi."

Kicheko kikalipuka upande wa madirisha. Mtu akapiga dawati. Ningoje wamalize? Singeweza, sukari haingoji.

"Na Fundi Viatu, Ee Mungu."

Fundi akaendelea kukoroga.

"Unajua tulianza pamoja. Unajua ananitangulia. Akipita yeye nikabaki mimi, uso wangu nitauweka wapi? Ikiwezekana tupite wote. Isipowezekana, tuanguke wote. Na kama ni lazima aanguke mmoja, Ee Mungu, aanguke yeye, ana kazi yake ya viatu, haihitaji kusoma."

Mwiko ukasimama.

Niliisikia ile sauti ya mbao kwenye bati ikikatika. Nikafumbua macho. Fundi alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama mtu aliyevaa kiatu chake mwenyewe akakuta msumari ndani.

Mapovu yakaanza kupanda. Shira isipokorogwa inashika chini upesi, na Fundi alijua, kwa kuwa ndiyo kwanza ameona ya Mwenyekiti. Angeacha mkono wake ulale kidogo tu, nami ningekwisha. Wala hakuna ambaye angemlaumu.

Akashusha macho. Mwiko ukaanza kuzunguka tena.

"Malizia, Mzee Amina," akasema taratibu. "Inaungua."

Nikamalizia. Nikawaombea maadui, nikaomba subira, nikaomba unyenyekevu. Ndiyo, unyenyekevu. Amina.

Fundi akaepua, akachuja, akaipoza. Shira ilikuwa nyepesi, rangi ya dhahabu, inang'aa kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Akachanganya na limau na nanasi, akamimina maji baridi, akatupia nanaa.

Mkaguzi akanywa glasi moja. Akanywa ya pili. Ya tatu akasema ni ya kuhakiki.

"Amepita."

Hakuna aliyepiga makofi. Mke wangu alikuwa anatazama dari.

"Dakika nne na nusu," mwalimu akasema. Naye hakunitazama.

Nikaona njia ya kujiokoa. "Bwana mkaguzi, basi nifute pale pa sala, niandike dakika nne na nusu."

"Kurekebisha baada ya kukabidhi hakuruhusiwi."

"Sasa itakuwaje?"

"Kuambatisha kunaruhusiwa. Andika hicho kipimo chote kwenye karatasi, nikigonge muhuri, kibandikwe pamoja na maelekezo. Vinginevyo waraka haujakamilika, na usipokamilika hujapita."

"Yote?"

"Yote, mzee. Na majina."

Nikakaa, magoti kifuani. Sala ya dakika nne na nusu ilinichukua saa nzima kuandika. Watu walikuwa wanakunywa juisi yangu, wanachungulia begani kwangu. "Ufupi ni u-fu-pi," Mwenyekiti akanisaidia kwa ukavu. Nilipofika kwenye jina la Fundi, miwani ikawa imejaa jasho, nikawa sioni mstari.

Miwani nyingine ikasukumwa juu ya dawati. Ilinuka gundi.

Nikainua uso. "Fundi."

"Andika, watu wanataka kwenda nyumbani."

"Fundi, wewe kwenye ile sala yako fupi ulisema nini?"

Akajikuna shingo. "Nilisema, Mungu, mwenzangu apite. Amina."

"Basi?"

"Basi. Kulikuwa na nini kingine cha kusema?"

Nilitamani dawati lile dogo linimeze na magoti yangu.

Miaka mingi nilijiona mimi ndiye mtu wa sala mtaani. Yangu ilikuwa ndefu, ina mpangilio, inaivisha shira. Ya Fundi iliharibu sufuria nzima ya sukari, na nadhani ndiyo pekee iliyokuwa sala siku ile.

Ndugu msomaji, juisi hii ya limau na nanasi ni nzuri sana kwa joto hili, itengeneze. Shira ni dakika nne na nusu, tumia saa. Na sala yako ukitaka kuipima, jiulize swali moja tu: je, yule unayemtaja humo angeweza kukushikia mwiko huku anaisikia?

Nikamaliza kuandika. Mkaguzi akagonga muhuri, paa, akatafuta ukuta wa kubandika.

Nami nikainuka, dawati likainuka na mimi, nikalivua. Mke wangu akaacha kutazama dari. Mwalimu akaacha kujipepea. Mwenyekiti akashusha glasi yake.

"Mbele ya watu hawa thelathini na wawili," nikasema, na safari hii macho yangu yalikuwa wazi, "naahidi. Fundi, kuanzia leo nikiwa na neno lolote juu yako, nitakuja nalo kibandani kwako kwanza, nikuambie usoni. Ndipo niende nalo kwa Mungu."